Ua la Usambara na Maji ya Tanga

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, kando ya dirisha lisiloingiza jua kali, huwekwa chungu kidogo chenye ua la rangi ya urujuani. Majani yake ni manene na ya mviringo, yenye manyoya laini kama mahameli. Ua lenyewe lina ndimi tano, na katikati yake huchomoza vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano. Wajerumani huliita kwa jina la Usambara. Waingereza na Wamarekani huliita kwa jina la Afrika. Wapenzi wake nchini Marekani wana chama chao tangu mwaka 1946, na biashara yake imewapatia riziki wenye bustani wa nchi kadhaa kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini sisi wakazi wa Tanga, ambao milima ya Usambara ya Mashariki tunaiona kwa macho mawingu yanapopungua, ni wachache miongoni mwetu waliokwisha kuliona mahali lilipozaliwa.

Kwa sababu hiyo, wakati wa likizo ya shule, kamati ya msikiti wetu iliandaa safari ya siku moja kwa familia za madrasa kwenda Amani, katika Wilaya ya Muheza. Makusudio yetu yalikuwa mawili. La kwanza, kuwaonesha watoto ua hilo likiwa juu ya mwamba wake. La pili, kuwaonesha watoto hao hao, na wazazi wao pia, mahali yanakotoka maji ya Mto Zigi, kwani maji ya mto huo hukusanywa katika bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndiyo yanayofika mjini katika majiko yetu na katika mabirika ya misikiti yetu. Tulidhani kuwa hayo ni mambo mawili. Tuliporudi tulikuwa tumefahamu kwamba ni jambo moja.

Kabla ya kusimulia tuliyoyaona, inafaa msomaji ajue namna ua hili lilivyotoka kwetu likaenea duniani. Mwaka 1884, John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza huko Zanzibar, alipeleka London mmea wake uliokaushwa. Mwaka 1887 akafuatia mmisionari W. E. Taylor, ambaye wapenzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa kazi yake ya kukusanya methali na mashairi ya Mombasa. Mimea hiyo mikavu haikutosha kuwawezesha wataalamu kuupa jina. Kisha akaja Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, ambaye naye alikuwa mjuzi wa lugha yetu kiasi cha kuchapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili huko Berlin mwaka 1890. Huyu aliliona ua katika miamba ya chokaa karibu na mji wa Tanga, na pia katika misitu ya Usambara, akalipeleka kwa baba yake nchini Ujerumani. Baba akampelekea Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akaliandika katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina la Saintpaulia, yaani jina la ukoo wa yule mtawala. Mwaka huo huo likaoneshwa Ghent, Ubelgiji, na watu wakalistaajabia. Mnamo mwaka 1926 mbegu zilizotoka Ujerumani na Uingereza zikafika Los Angeles, wakulima wa huko wakachagua miche iliyo bora, na kutokana na miche hiyo zikatoka aina nyingi zinazouzwa hadi leo.

Hivyo ua limepata jina la mgeni, soko la wageni na chama cha wageni. Kilichobaki kwetu ni mwamba lilipoota.

Tuliondoka baada ya Sala ya Alfajiri, tukasoma dua ya safari, basi letu dogo likashika njia ya Muheza. Baada ya Muheza na machungwa yake, barabara ilipita katika shamba kubwa la misaji la Longuza, ambako miti imesimama kwa mistari iliyonyooka kama safu za wanaosali. Watoto waliifurahia misaji hiyo wakidhani tumekwisha kufika msituni. Walipouona msitu wenyewe, mbele kidogo, walinyamaza. Hapo hapana mstari wala safu. Mti mkubwa umebeba mti mdogo, mdogo umebebwa na mtambaa, na chini ya yote hayo mwanga wa saa nne asubuhi ni kama mwanga wa magharibi.

Pale Zigi, penye jengo la zamani la kituo cha reli iliyojengwa na Wajerumani, ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1997 na ina zaidi ya hekta 8,000. Tulilipa ada, tukapewa kiongozi, mzee mwenyeji wa kijiji cha jirani ambaye watoto walianza kumwita Babu kabla hatujamaliza kuandika majina yetu kitabuni. Alitutaka tuvae viatu vilivyofunika miguu, tusipige kelele, na tusichomoe kitu chochote ardhini. Kisha akatangulia kwa hatua fupi fupi ambazo vijana wetu walishindwa kuzifuata.

Tulitembea kando ya kijito mpaka mahali penye majabali makubwa. Babu akasimama, hakuonesha kitu. Akasema tu, "Haya, liko hapa." Watu walitazama juu mitini, wakatazama mbele njiani, wasilione. Kumbe lilikuwa kwenye ubavu wa jabali, upande usiopigwa na jua, chini ya kiwango cha goti. Ilibidi kila mmoja ainame, mrefu kwa mfupi, nasi tukakumbuka kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maua yake yalikuwa machache na madogo kuliko yale ya madukani, rangi yake ya urujuani iliyofifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Mizizi yake haikuwa ndani ya udongo wowote wa maana; ilishika utando wa kijani unaoota juu ya mawe mabichi, na taka za majani yaliyooza katika ufa usiozidi upana wa kidole.

Watoto wawili watatu walisema waziwazi kwamba walitarajia kitu kikubwa zaidi. Babu hakukasirika. Aliwaambia waweke viganja juu ya jabali. Lilikuwa baridi, na viganja vikatoka na unyevu. "Hilo ndilo ua lenyewe," akasema. "Hayo mnayoyaona ya zambarau ni tangazo lake tu."

Maneno hayo yalitushughulisha safari nzima, na kila tulivyojifunza zaidi ndivyo yalivyozidi kuwa kweli. Mmea huu hauvumilii jua la moja kwa moja, kwani majani yake huungua. Hauvumilii ukavu, kwani mizizi yake haifiki mbali. Unaishi kwa sababu mti ulio juu yake unazuia jua, ukungu unaotoka baharini unanaswa na matawi na kudondoka kidogo kidogo, na jabali linahifadhi ubaridi wa usiku hata mchana. Amani hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na msitu hauiachii mvua hiyo ikimbie kwa mkupuo. Ondoa mti mmoja mkubwa ulio juu ya jabali, usiliguse ua hata kwa ncha ya kidole, nalo halitadumu.

Hata uzazi wake unategemea jirani. Ukilitazama ua kwa makini utaona kijiti chembamba kinachopokea chavua. Katika ua moja kimepinda kulia, na katika jingine kimepinda kushoto, ili nyuki anayetoka kwenye ua la upande mmoja apeleke chavua kwenye ua la upande wa pili. Wala chavua hiyo haitoki kwa kuguswa tu. Ile mifuko ya manjano imefungwa, ina matundu madogo, na nyuki wa aina maalumu hulishika ua na kutetemesha mwili wake kwa mvumo mkali hata chavua ikamwagika kama unga kwenye chekeche. Binti mmoja wa darasa la nne aliuliza, "Na ua lililo dirishani Ulaya, nani analivumia?" Jibu ni kwamba halihitaji kuvumiwa, huko watu hulizidisha kwa kupandikiza majani yake. Linaishi, lakini ni kama mtu aliyeondolewa katika jamaa zake wote, akabaki na chakula na kitanda.

Jibu hilo lilimpa wazo kijana mwingine. Kama jani moja linatosha kutoa mmea mzima, kwa nini yeye asichukue jani moja tu akalipande nyumbani? Hoja yake haikuwa mbaya. Babu alimuuliza, "Mjukuu wangu, wewe ni wa ngapi kufika hapa mwaka huu?" Kijana hakujua. "Na mimi sijui," akasema Babu. "Nikijua kwamba wewe ni wa mwisho, nitakupa mawili." Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukikausha pia.

Ndugu msomaji asidhani kwamba wanaotishia ua hili ni watoto wenye kupenda majani. Misitu ya Usambara ya Mashariki imepunguzwa kwa zaidi ya karne moja na mikono mingi. Ilianza kwa mashamba ya wakoloni. Mahali palipokuwa na msitu pakawa na kahawa, kisha chai, na mashamba ya chai yapo hadi leo, mazuri kwa kutazama na yenye kuajiri watu wengi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mitambo iliingia kukata magogo kwa ajili ya viwanda vya mbao, mpaka ukataji huo ukasimamishwa. Mti mmoja wa kigeni ulioletwa Amani zama za Wajerumani nao umejisambaza wenyewe kwa msaada wa ndege wanaokula matunda yake, ukashika nafasi za miti ya asili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja uchimbaji wa dhahabu wa mikono katika vyanzo vya Mto Zigi, ukachimbua kingo na kutia matope katika vijito. Huko pwani, ambako jamaa za ua hili huota katika miamba ya chokaa, tishio ni machimbo ya mawe, kwani mwamba ukipasuliwa hauoti tena.

Tumetaja jamaa zake kwa sababu ua hili si la aina moja. Wataalamu wa zamani walihesabu takriban aina 20. Wa leo wamezipunguza, na tangu mwaka 2015 wameziingiza zote katika jenasi kubwa zaidi iitwayo Streptocarpus. Vyovyote zitakavyohesabiwa, makazi yake ya asili duniani kote yako katika nchi mbili tu, Tanzania na Kenya. Ziko za Uluguru, iko ya msitu wa Mbololo katika milima ya Taita, iko ya miamba ya chokaa ya Kilifi, na karibu na hapa kwetu zimerekodiwa katika korongo la Mto Mkulumuzi. Baadhi yake zimebaki mahali pamoja au pawili tu. Ukifa msitu mmoja au likivunjwa jabali moja, aina nzima imeondoka.

Liko jambo la kutisha msitu ambalo limo katika kila nyumba ya msomaji wa ukurasa huu, nalo ni iliki. Iliki hupenda kivuli, kwa hiyo mkulima haukati msitu wote. Huondoa mimea ya chini na kupunguza miti ya juu. Kwa mbali msitu huonekana umesimama. Lakini vichipukizi vya miti vimefyekwa, mwanga umeingia, jabali limeanza kukauka, na miaka michache baadaye iliki inapopungua kuzaa, shamba hugeuzwa la mazao mengine. Harufu nzuri ya chai yetu na ya pilau yetu ya Idi ina historia hiyo.

Tulipoketi kula chakula cha mchana baada ya Sala ya Adhuhuri, mmoja wetu alilaumu kwa sauti wakulima wa iliki. Babu alimwacha amalize, kisha akasema, "Ustadhi, na mimi nililima iliki. Iliki ndiyo iliyomsomesha mwanangu wa kwanza." Akatueleza kuhusu Derema, ambako wakulima waliondolewa katika mashamba yao ya iliki ili msitu uunganishwe na kuhifadhiwa. Fidia ilitolewa, lakini malalamiko kuhusu kiasi chake na muda wake hayakwisha upesi. "Watu wa mbali wanalitaka ua," akasema. "Watu wa mjini mnataka maji. Sisi tulio kati tunaambiwa tusilime. Si vibaya kuambiwa, lakini mwenye kuambiwa naye ale."

Hakuna aliyemjibu haraka. Tunaona ni wajibu kuyaandika maneno yake hapa, kwa kuwa makala nyingi zinazosifu misitu huwataja wakazi wake kama wezi wa kuni. Katika fiqhi tunafundishwa kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Kuuokoa msitu kwa kuiacha nyumba ya jirani bila chakula ni kuhamisha madhara.

Na iko njia. Katika mabonde ya Kihuhwi na Zigi kuna umoja wa wakulima wahifadhi wa mazingira, maarufu kwa jina la UWAMAKIZI, ambao wanachama wake hujizuia kulima kingo za mito na kupanda miti ya kuhifadhi maji, nao husaidiwa kupata shughuli nyingine za kipato. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini sheria iliyo kwenye karatasi ni nyepesi kuliko jembe la mwenye njaa, na umoja wa namna hii ndio unaoipa uzito. Wapo pia wanavijiji wa Amani waliofuga vipepeo na kuuza mabuu yao nje ya nchi hadi mwaka 2016, kazi ambayo haiwezekani bila msitu kusimama. Hawa ndio wanaolilinda ua, ingawa wengi wao huenda hawalifikirii kabisa.

Hapa ndipo yale makusudio yetu mawili yalipokutana. Kivuli kinachofanya jabali liwe baridi ndicho kinachofanya kijito kitiririke mwezi wa Februari. Mizizi inayolizuia tope lisilifukie ua ndiyo inayolizuia tope hilo lisifike Mabayani. Kila masika, bomba la msikiti wetu linapotoa maji ya rangi ya chai, ni udongo wa kingo za huko juu unaotutembelea. Ua la Usambara ni kama kipimo kilichowekwa juu ya mwamba. Likiwa hai, maji yako salama. Likinyauka, tujue kwamba mji wa Tanga nao umeanza kunyauka, ingawa yatapita masika kadhaa kabla hatujahisi kiu.

Safari hii iligusa pia meza ya kamati yetu. Tunapanua sehemu ya kusalia wanawake, na tulikuwa tumeletewa mbao za mvule na mtambara kwa bei nafuu sana, ambazo muuzaji hakuwa na kibali chake wala risiti ya ushuru. Katika kikao kilichofuata, baadhi ya wajumbe walisema, kwa haki, kwamba fedha za waumini ni amana na hazifai kutumiwa kununua kwa bei kubwa kilichopo kwa bei ndogo. Wengine walijibu kwamba bei ile ni ndogo kwa sababu kuna mtu mwingine ameilipa bila kuulizwa: mkulima wa bondeni, mnywaji wa maji wa mjini, na vizazi visivyozaliwa. Tulijadiliana hadi karibu na Isha. Mwishowe kamati iliazimia kununua mbao za misaji kutoka shamba la kupandwa, zenye hati halali, na kuahirisha kazi ya dari hadi michango itakapotosha. Kwa hiyo kina mama watasalia chini ya mabati matupu kwa muda, nao walipoelezwa sababu walikubali, wakataka wao ndio wapewe nafasi ya kwanza katika safari ijayo.

Kwa familia zitakazopenda kwenda, yapo machache ya kuzingatia. Nendeni wakati usio wa mvua kubwa, kwani barabara ya mlimani huteleza. Chukueni kiongozi mwenyeji na mlipeni haki yake, kwa kuwa malipo hayo ni sehemu ya ulinzi wa msitu. Nunueni chakula na matunda vijijini. Mkinunua iliki sokoni, ulizeni imelimwa wapi. Muuzaji akiulizwa na wanunuzi wengi, naye atauliza huko anakonunua. Watoto waachieni wainame mbele ya jabali kwa muda wao, msiwaharakishe.

Dini yetu haikuanza kulijua jambo hili jana. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa eneo takatifu ambalo miti yake haikatwi, na alitawadha kwa kiasi cha maji kinachotosha kujaza viganja viwili. Mwenye kutawadha kwa uchache anaacha maji mtoni, na anayeacha maji mtoni ana haki ya kuuliza habari za msitu unaoyaleta. Ua lile dogo halijui kwamba lina jina la mtawala wa Kijerumani, wala halijui kwamba jamaa zake wanauzwa Los Angeles. Linachohitaji ni mti ulio juu yake uendelee kusimama, na uamuzi kuhusu mti huo haufanyiki Hannover wala Chicago. Unafanyika Muheza, Amani, Tanga mjini, na katika vikao vya kamati kama yetu.